Ramani ya maji ya kuogelea Kitengela haina rangi ya kijani

Najua nimekuwa kimya hapa kwa miezi kadhaa, na wawili watatu mmeniandikia mkidhani nimepata kazi ya maana nikawasahau. Wapi! Kazi ni ile ile. Ila jioni zangu na wikendi zangu zimeliwa na maji. Si maji ya kunywa, hayo nimeyalalamikia hapa mara nyingi. Maji ya kuogelea.

Ndiyo, kuogelea, Kitengela. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa na wengi wetu tunanunua maji kwa mitungi. Lakini shuka barabara ya Namanga Jumapili mchana uangalie mabango: nyama choma, muziki, bwawa la kuogelea, watoto nusu bei. Ukitoka nje ya mji kuelekea Isinya na Kajiado kuna silanga za mifugo, na mvua ya masika ikishika kuna mito ambayo mwezi uliopita ilikuwa mchanga mtupu. Halafu kuna matimbo. Watu walichimba mawe ya kujengea nyumba zetu, mawe yakaisha, wakaondoka, mvua ikajaza mashimo. Watoto wa huku hawangoji mtu awatengee mahali pa kuogelea. Palipo na maji, wamo.

Nilitaka kujenga kitu rahisi: ramani kwenye simu, unagusa sehemu, inakuambia hali ya maji ya pale leo. Wenzetu wanazo. Auckland, New Zealand, wana Safeswim, inayokadiria ubora wa maji ya fuo zao kwa kuangalia mambo kama mvua na upepo. Chicago hutangaza vipimo vya fuo za Ziwa Michigan. Paris, ambako kuogelea katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923, walifungua sehemu tatu za umma Julai 2025, na mvua kubwa ikinyesha wanazifunga. Nikasema, mvua tunayo, simu tunazo, intaneti ipo (siku inapotaka), kwa nini sisi tusiwe na ramani?

Nilianza na mabwawa ya hoteli kwa sababu yana umeme, waifai na mtu wa kuulizwa. Kifaa chenyewe si cha kujivunia. Ni ESP32 moja ndani ya kopo la plastiki, kihisi cha pH, kihisi kingine kinachopima kwa milivolti nguvu ya maji ya kuunguza vijidudu (wenyewe hukiita ORP), na kipimajoto. Kila dakika 15 kinatuma namba tatu kwenye seva yangu. Kihisi cha pH cha bei ya chini kinayumba kama mlevi, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili naenda na vichupa vya pH 4 na pH 7 kukiweka sawa. Jambo dogo ambalo wenye kuchora grafu mtanielewa: stima ikipotea saa tano, programu nyingi huunganisha nukta ya kabla na nukta ya baada kwa mstari mnyoofu, kana kwamba maji yalikuwa yakipimwa muda wote. Mimi naacha pengo. Kama hatukupima, hatukupima.

Bwawa la kwanza lilinipa somo ambalo shahada yangu ya sayansi ya kompyuta haikunigusia hata kidogo. Mzee anayelitunza ni mtu wa bidii sana. Kila asubuhi saa kumi na mbili yuko pale na ndoo ya klorini ya unga. Nikapima kwa kidonge cha DPD, kile kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi, nikapata klorini miligramu 2 kwa lita, kiwango kizuri kabisa. Lakini kihisi cha ORP kilikuwa kinasoma milivolti mia tano na kitu, na wataalamu wengi hawataki ishuke chini ya 650. Nikasafisha kihisi. Nikaleta kingine. Namba ni ile ile. Ndipo nikaangalia pH: 8.4.

Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili. Moja inaua vijidudu haraka, nyingine ni mvivu, na anayeamua mgao ni pH. Kwenye 7.5 zinagawana karibu nusu kwa nusu. Ukifika 8.5, ile inayoua imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Sasa kumbuka tuko wapi. Visima virefu vingi vya Kajiado vina chumvichumvi na floridi, meno ya kahawia tunayajua wote, na si ajabu kwa kaunti yenye ziwa linaloitwa Magadi. Kisima cha bwawa hili kilikuwa kikitoa maji yenye pH ya juu tangu mwanzo. Na ile klorini ya unga nayo hupandisha pH. Yaani kila asubuhi mzee alikuwa anaongeza askari na kuwanywesha dawa ya usingizi kwa ndoo moja.

"Mzee," nikamwambia, "klorini yako imo, ila imelala."

"Kijana wangu, nimeweka vikombe vitatu tangu alfajiri. Italala vipi?"

Nikamwonyesha grafu. Hakuiamini, na sikumlaumu, ni mchoro tu kwenye simu ya mtoto wa juzi. Tukanunua asidi ya mabwawa, akaiweka kidogo kidogo jioni wakati hakuna mtu majini, na siku ya tatu pH ilikuwa 7.4 na ORP imevuka 700 bila kuongeza hata kijiko cha klorini. Tangu hapo ananiita fundi, na yeye ndiye amewaeleza watunzaji wa mabwawa mengine mawili jambo hili kwa lugha nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo kwa mabwawa kihisi kina kazi. Lakini hata hapo kina ukuta. Klorini ya miligramu 1 kwa lita, pH ikiwa sawa, inamaliza E. coli kwa chini ya dakika moja. Kijidudu kinachoitwa Cryptosporidium, kinacholeta kuhara, kinaweza kuishi kwenye maji hayo hayo zaidi ya siku kumi. Mtoto mwenye tumbo bovu akiingia bwawani saa nne asubuhi, grafu yangu itaendelea kuonyesha mstari mzuri mpaka jioni. Kinachosaidia hapo ni mtu langoni wa kumwambia mzazi, pole mama, leo huyu asiingie.

Maji ya wazi ni hadithi nyingine kabisa. Huko hakuna klorini ya kupima. Unachotaka kujua ni kama kinyesi cha mtu au cha mnyama kimeingia, na dalili inayotumika karibu dunia nzima ni huyo huyo E. coli. Aina zake nyingi hazina madhara. Ni kama moshi, unakuonyesha kuna moto mahali. Hakuna kihisi cha bei yangu kinachomhesabu. Unachukua mililita 100 kwenye chupa iliyotakaswa, unaiweka kwenye barafu, unaifikisha maabara ndani ya saa sita, wanayachuja maji, wanaweka kile kichujio kwenye kabati la joto mpaka kesho yake, halafu mtu anahesabu vidoa. Sampuli zangu za kwanza zilikaa kwenye msongamano wa barabara ya Mombasa kama mfanyakazi mwingine yeyote, zimefungwa kwenye kisanduku cha barafu mapajani mwangu, kondakta akiniuliza kama ninauza samaki.

Kesho yake! Sisi tunanung'unika ukurasa ukichelewa sekunde tatu. Sampuli ya Ijumaa mchana, majibu Jumamosi mchana, lakini maabara ninayotumia haifungui Jumamosi, basi Jumatatu. Watoto walishaogelea Jumamosi na Jumapili. Namba inayofika inaeleza maji ambayo hayapo tena.

Kuna kipimo cha bei nafuu kilichobuniwa India mwaka 1982: karatasi ndani ya chupa, unaacha mahali penye joto, ikigeuka nyeusi kuna uchafu. Nilikipenda sana kwenye karatasi. Lakini kinajibu ndiyo au hapana tu, na silanga ambayo ng'ombe wanaingia hadi magotini itatoa chupa nyeusi leo, kesho na mtondogoo. Hilo hata mchungaji angekuambia bure.

Basi nikajipa moyo kwamba hesabu itaniokoa. Shirika la mazingira la Marekani tangu 1986 linataka wastani wa kijiometri wa E. coli kwenye maji baridi ya kuogelea usizidi 126 kwa mililita 100. Angalia mfano huu wa kubuni: sampuli nne, 40, 55, 60 na 9,000. Wastani wa kawaida ni karibu 2,289. Wastani wa kijiometri ni karibu 186. Tofauti ni kubwa, na ile 9,000 ndiyo siku mvua iliponyesha ikakokota kila kitu kutoka vichochoroni. Wamarekani waliliona hilo, mwaka 2012 wakaweka ukomo huu pia: sampuli zinazozidi 410 zisizidi moja katika kumi. Ulaya nao, kwa sheria yao ya 2006, huangalia asilimia ya 95 badala ya wastani. Yote ni mazuri kama unauliza mahali fulani pakoje kwa mwaka. Mzazi aliyesimama ukingoni anauliza leo.

Na leo, kwa huku kwetu, ni mvua. Mitaa mingi ya Kitengela bado inategemea mashimo ya maji taka na malori ya kuyanyonya. Waliokuwa hapa Aprili 2024 wakati mito ilipofurika Kitengela na Athi River hawahitaji kuelezwa maji yale yalikuwa na nini ndani yake. California huwaambia watu wakae nje ya bahari siku tatu baada ya mvua, bila kusubiri maabara. Nikaweka kipima mvua juu ya paa letu, kingine kwa rafiki Isinya, na sasa ramani inajua ilinyesha lini na kiasi gani. Kipima mvua cha plastiki cha bei ya chakula cha mchana kinanisaidia zaidi kuliko kihisi chochote nilichoagiza kutoka China.

Sasa nije kwenye rangi, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa ukurasa wa mbele nilichora ramani kwenye karatasi na penseli za rangi: nyekundu, njano, kijani, kama taa za barabarani, kama wafanyavyo wengi. Nikazunguka nazo mtaani kuuliza watu wanaelewa nini. Mtoto wa jirani, yuko darasa la sita, hakuhitaji hata sekunde mbili.

"Kijani ni kuingia."

"Na hapa?" Nikamwonyesha nukta ya kijani niliyoichora juu ya timbo.

"Hapo tunaingiaga. Kumbe ni sawa?"

Mama yake alikuwa anaanua nguo, anasikiliza. Akaja akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda.

"Hii kijani ni ya nini?"

Nikaanza kumweleza habari za E. coli, mililita 100, kiwango cha 126. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo mwanangu akizama hapo penye kijani chako, nije kwako?"

Sikuwa na jibu, na hakuwa ananigombeza. Alitaka kujua ramani ni ya nani. Bwawa la hoteli lina geti, lina mtu wa kukuambia toka. Kwenye kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 nchi hii iliweka hata jedwali maalumu la maji ya burudani, na kaunti ina maafisa wa afya ya umma. Lakini timbo halina geti wala tikiti. Kuta zake ni za kukata wima, maji yametulia, na kwa sababu yametulia, matope yanatua chini na jua la huku linaua bakteria wa juu. Yaani siku ya kiangazi timbo linaweza kabisa kupita kipimo cha E. coli. Ukitaka maji ya kupata kijani kwa maabara na kumzamisha mtoto wa darasa la sita, ni hayo. Na E. coli haisemi lolote kuhusu kichocho, ambacho huletwa na konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo ramani yangu haina kijani. Ina nyekundu, ina njano, na ina kijivu. Kijivu maana yake: tulipima siku fulani, hatukuona tatizo katika yale tuliyopima, na chini yake kuna orodha fupi ya tuliyopima. Rafiki yangu mmoja msanifu wa kurasa anasema ramani ya kijivu inasikitisha kama mazishi. Ni kweli. Watu wa Safeswim wana kijani chao na siwalaumu, wana waokoaji ufuoni na baraza la mji la kubeba lawama. Mimi nina ESP32 tatu.

Uamuzi huo umenigharimu. Kabla ya Pasaka meneja wa bwawa moja (silitaji) alinipigia simu, mchangamfu kweli. Anataka alama ya kijani yenye maneno "maji salama" aichapishe aibandike getini, alipie kwa mwaka. Kiasi alichotaja kilikuwa kodi yangu ya nyumba ya miezi minne. Nikamwambia namba zake ni nzuri na zinaonekana na kila mtu, anaweza kubandika hata grafu nzima, lakini alama ya salama sina. Akasema amenielewa. Kesho yake saa tano asubuhi kifaa kikanyamaza. Kimechomolewa.

Programu ikafanya ilichoagizwa: ikaandika "hakuna vipimo tangu" na tarehe. Baada ya wiki akapiga tena, safari hii si mchangamfu, kwamba maneno hayo yanamfukuzia wateja na afadhali nimtoe kabisa. Nimefikiria sana. Nikimtoa, msomaji ataona pahali patupu, adhani hapajawahi kupimwa. Nimeyaacha maneno yalivyo.

Mtunzaji wa bwawa hilo ni yule mzee wa klorini iliyolala. Kila asubuhi, mpaka leo, ananitumia meseji kutoka kwenye simu yake ndogo ya vibonyezo: "7.4. klorini 2. sakafu naiona." Hiyo ya sakafu nilimwambia mimi, kwamba usipouona mfuniko wa bomba la chini kabisa, hata aliyezama hutamwona, basi usifungue. Meseji zake ni vipimo bora kuliko vya kifaa changu. Siziweki kwenye ramani. Bosi wake angejua zinatoka kwa nani kabla ya chai ya saa nne. Ziko kwenye faili langu, na mstari wake kwenye ukurasa unaendelea kusema hakuna vipimo, na kila nikiuona haunipi raha.

Programu yote nimeiweka wazi, anayetaka kuiweka kwao Ngong, Machakos au Mwanza aichukue. Nawaomba tu msirudishe kijani kabla hamjaongea na mama wa jirani yenu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda timboni na mwanamume aliyewahi kuchonga mawe pale kwa miaka mingi. Hatukubeba chupa ya maabara. Tulibeba kamba ya manila yenye fundo kila mita na jiwe mwishoni. Alinionyesha lori lilikuwa linapita wapi kuteremka, ambako ndiko pekee mtu anaweza kutoka kwa miguu, na ambako ukuta unashuka wima. Hapo penye ukuta tuliitumbukiza kamba. Mafundo tisa yakaisha, jiwe bado linaning'inia. Jioni nikaongeza sehemu mbili mpya kwenye hifadhidata, na timbo sasa linasomeka hivi:

Njano. Sampuli ya mwisho: siku 11 zilizopita. Mvua tangu hapo: milimita 34. Kina: zaidi ya mita 9, kamba haikufika chini. Pa kutokea kwa miguu: pamoja tu, upande wa njia ya zamani ya malori.